Pendulamu Iliyokataa Kupanda

Jumatano, 2 Oktoba

Nimebebeshwa Mekanika ya Juu. Dkt. Sifuna, ambaye ameifundisha yuniti hiyo miaka yote niliyokaa hapa chuoni Voi, amefanyiwa upasuaji wa mgongo na amekatazwa kusimama muhula mzima. Mkuu wa idara yetu, Dkt. Rachel, aliniita ofisini kwake akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo. Chai ya ofisi ile hainywewi bure.

"Mwandawiro, wewe si ulisoma mekanika?"

"Zamani sana, Daktari. Siku hizi mimi ni mtu wa takwimu."

"Basi iko ndani mahali fulani. Itafute."

Wanafunzi ni watatu tu: Kiilu, Lynn na Nabwile. Wote wako mwaka wa mwisho, na bila yuniti hii hakuna atakayehitimu. Sifuna ameacha maelezo yake ya kufundishia. Ukurasa wa kwanza unasema tutasoma jiometri ya simplektiki, "ambayo ina eneo lakini haina urefu." Nimeusoma mara nne. Jiometri isiyo na urefu ni jiometri gani? Nimepanda kitandani na hasira.

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Maji ya bomba hakuna. Nimesoma ukurasa wa kwanza tena.

Jumatatu, 7 Oktoba

Darasa la kwanza. Tumepewa kile chumba cha pembeni chenye ubao mdogo ambao nusu yake imebanduka rangi. Nimefunga kufuli la maabara kwa kamba ya katani, nikalining'iniza kwenye boriti, nikalisukuma. "Hii ndiyo pendulamu yetu," nikawaambia. Angalau hapo nilikuwa na uhakika.

Kisha nikachora yale niliyoyaelewa kwenye maelezo ya Sifuna. Mstari wa kulala unaonyesha kufuli liko wapi, yaani pembe yake. Mstari wa kusimama unaonyesha kasi yake. Nukta moja kwenye mchoro huo inakuambia kila kitu: liko wapi na linaelekea wapi. Kufuli likiyumba huku na huku, nukta inazunguka na kuchora duara lililobonyea kama yai. Kama hakuna upepo wa kulipunguza nguvu, nukta itarudia njia ile ile milele.

Nikawapa na sheria yangu ya ubaoni, ambayo nimetembea nayo tangu nikifundisha sekondari kule Wundanyi: futa nambari ya zamani ndipo uandike mpya. Sitaki ubao wenye takataka.

Kiilu ni mwepesi, anamaliza sentensi zangu kabla yangu. Lynn anaandika kila kitu, hata mzaha. Nabwile ameketi nyuma, hajasema neno. Anapotoka kuandika ubaoni anakandamiza chaki mpaka inalia. Nimeona nitapata kazi na huyu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Sifuna kuomba msaada. Amelala chali kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, miguu juu ya kiti, anaongea na dari.

Nikamweleza kwamba nimeelewa hesabu lakini sielewi maana. Ukichukua hatua mbili ndogo kutoka kwenye nukta moja, jiometri hii haikuambii urefu wa hatua yoyote. Inakuambia eneo lililo kati ya hizo mbili tu. Hatua moja ikipimwa na yenyewe, jibu ni sifuri. Sasa faida ni nini?

"Eneo la nini?" akaniuliza.

"La pale katikati."

"Nimesikia. Eneo la nini?"

"La... mraba, Daktari. Mraba uliolala."

Akafumba macho. "Ukijua, urudi."

Mtu mgonjwa huwezi kumgombeza. Nimerudi nyumbani nikimgombeza njia nzima.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimefundisha saa mbili nzima bila kuelewa nilichokuwa nasema. Kiilu alitikisa kichwa kukubali. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ndovu wamepita nyuma ya hosteli wakijikuna kwenye nguzo za stima. Moja imeanguka, chuo kizima kiko gizani. Fundi amesema nguzo nyingine itatoka Mombasa, na alivyosema "itatoka" nilijua hataki kuulizwa lini.

Maabara ya kompyuta imefungwa, nami wiki ijayo nilitaka kuanza miradi ya wanafunzi. Kila mmoja alipaswa kuitengenezea pendulamu programu, aihesabu hatua kwa hatua.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeamua miradi iendelee hivyo hivyo. Mradi una alama arobaini, na asiyefika kumi na sita haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani tarehe tisa Desemba. Sasa nikiahirisha kwa sababu ya ndovu, nitawaambia nini?

Kiilu ana laptopu na rafiki yake kule mjini ana sola. Lynn atafanya kazi ya kusoma na kueleza historia ya somo. Nabwile hana laptopu. Nikamwambia afanye kwa mkono, kwenye ubao wa chumba cha pembeni, akihesabu kwa kikokotoo, akinakili kila mstari daftarini na kuhamishia kila nukta kwenye karatasi ya grafu.

"Hatua ngapi, mwalimu?"

"Mpaka pendulamu irudi na kwenda tena mara kadhaa."

Wengine wangelia. Yeye aliuliza kama chaki itatosha.

Kanuni niliyowapa ni ya kitabuni, na ni rahisi. Pembe mpya ni pembe ya zamani ukiongeza kasi ya zamani mara kipande kidogo cha muda. Kasi mpya ni kasi ya zamani ukitoa mvuto wa pembe ya zamani mara kipande kile kile. Unaendelea hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Vumbi lote la Voi limegeuka matope kwa asubuhi moja, na kila mtu anatembea kama anaiba.

Kiilu ameleta kazi yake na ni safi kweli. Ila pendulamu yake inapanda. Kila ikirudi inafika juu zaidi kidogo, na ukiiacha inaendelea kupanda mpaka inapinduka kabisa juu ya boriti. Nikamwambia hilo ni kosa dogo la hatua kubwa, apunguze kipande cha muda. Amepunguza, amerudi mchana. Bado inapanda, ila polepole.

"Mwalimu, nipunguze tena?"

"Punguza tena."

Nimelitazama kufuli langu kwenye boriti. Lenyewe linashuka, kwa sababu ya upepo. La Kiilu linapanda, na mle kwenye laptopu hamna upepo wala mkono wa mtu. Nimechanganyikiwa. Nimeandika "kazi nzuri" pembeni ya karatasi yake kwa sababu kanuni ameifuata.

Ijumaa, 1 Novemba

Nabwile amemaliza. Karatasi yake ya grafu imejaa alama nyeupe za vidole vyenye chaki. Pendulamu yake haipandi wala haishuki. Nukta zake zinazunguka na kurudi, zinazunguka na kurudi, zimelalia yai moja lililopinda upande kidogo.

Nilifurahi, kisha nikakagua hesabu zake daftarini nikaona kosa. Alikuwa anahesabu kasi kwanza, anafuta ile ya zamani na kuandika mpya. Akija kwenye pembe, kasi iliyoko ubaoni ni ile mpya, naye anaitumia hiyo. Kanuni inasema ya zamani. Kila mstari una kosa hilo hilo kutoka juu mpaka chini.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Kazi ya mtu aliyesimama ubaoni siku nzima kwa siku kadhaa! Lakini nikilegeza hapa nitamwambia nini Kiilu? Nimempa Kiilu thelathini na nne, Lynn ishirini na tano, Nabwile tisa. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Hukufuata kanuni. Umetumia kasi mpya mahali pa kasi ya zamani."

Aliisoma palepale mlangoni. Sikuona uso ukibadilika. Akaikunja karatasi ya grafu mara mbili, akaitia mkobani, akaondoka. Nilitaka aulize kitu ili nijitetee.

Alama nimezipeleka idarani.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Nabwile hakuja darasani. Stima imerudi, ikaenda.

Jumamosi, 9 Novemba

Niko nyumbani Werugha. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kabichi, ng'ombe anasikika lakini haonekani. Mke wangu, Wakesho, anafundisha darasa la tatu hapa juu na ana tabia ya kuniuliza maswali kama mimi nami niko darasa la tatu.

Nikamsimulia habari ya pendulamu mbili, tukiwa jikoni.

"Ile ya Kiilu inapanda," akasema. "Inasukumwa na nani?"

"Haisukumwi na mtu. Ni hesabu."

"Na ile ya msichana inarudi palepale?"

"Inarudi, lakini kwa makosa."

Akaacha kukatakata vitunguu. "Baba Mghoi, sasa iliyo na makosa ni ipi?"

Nikamwambia mambo ya kanuni ni marefu. Akasema ameona. Nimekasirika mpaka nimekula kidogo, kisha nikaona njaa nikarudi jikoni peke yangu, naye akanicheka.

Jumatano, 13 Novemba

Lynn amekuja ofisini. Huyu ambaye huandika kila kitu leo hakuja hata na kalamu.

"Mwalimu, Nabwile ameenda. Amebeba vitu vyote."

"Ameenda wapi?"

"Taveta, Bomeni, kwa anti yake. Babake anafanya kwa shamba la katani huko Mwatate. Alimwambia akikwama tena basi, atafute kazi. Ashapoteza mwaka mmoja akiuguza mamake, mwalimu. Hawezi kurudia mwingine."

Sikuwa najua habari ya mama yake. Sikuwahi kuuliza.

"Na mimi naomba nikuulize tu," Lynn akaendelea. "Ile yake ndiyo inakaa kama pendulamu. Ya Kiilu inapinduka. Sasa aki ya Mungu tisa ni ya nini?"

Nikamwambia nitamwandikia maelezo kamili, kesho, kwa nini njia ya Nabwile si sahihi. Lynn akasema asante, kwa namna ambayo haikuwa ya shukrani.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo niandike yote, hata kama mkono utachoka.

Nilikaa chini asubuhi kuandika yale maelezo. Nikaona nitumie somo lenyewe, niue ndege wawili kwa jiwe moja la Sifuna. Maelezo yake yanasema kwamba mwendo wa kweli hautunzi umbo lakini unatunza eneo: ukichora kiboksi kidogo kwenye ule mchoro wa pembe na kasi, ukakiacha kila kona iende na mwendo wake, kiboksi kitalala, kitarefuka, kitapinda, lakini eneo lake halitaongezeka wala kupungua. Hiyo ndiyo simplektiki yenyewe. Basi nikasema nitachukua kiboksi kimoja, nikipitishe kwenye hatua moja ya njia ya kitabu na hatua moja ya njia ya Nabwile. Cha kitabu kitabaki na eneo lake, cha Nabwile kitaharibika, na Lynn atanyamaza.

Nikaanza na cha kitabu. Eneo likatoka kubwa kuliko lilivyoanza. Nikadhani nimekosea kutoa. Nikarudia. Kubwa tena, kwa kiasi kidogo sana, lakini kila hatua inaongeza kidogo juu ya kidogo. Ndiyo maana pendulamu ya Kiilu inapanda! Kupunguza hatua hakuponyi, kunachelewesha tu.

Nikaja kwenye ya Nabwile. Kona nne. Kasi kwanza, futa, kisha pembe kwa kasi mpya. Kiboksi kikalala upande kama mtu aliyechoka. Nikapima eneo. Lile lile. Nikapima kwa herufi badala ya nambari, ili nisidanganywe na kikokotoo. Lile lile kabisa, si kwa kukaribia.

Nikainuka nikazunguka meza. Nikaketi. Sikuamini, na hata sasa siamini vizuri. Nilichokiita kosa kwenye kila mstari ndicho kilichoitunza pendulamu. Na kosa lenyewe lilitoka wapi? Nani alimwambia afute nambari ya zamani kabla ya kuandika mpya? Ni mimi! Mimi na ubao wangu usiotakiwa kuwa na takataka. Nilimpa sheria, akaifuata, nikamtoza alama thelathini na moja kwa kuifuata.

Mchana Kiilu akaja mbio, laptopu wazi mikononi kama sinia.

"Mwalimu, nimegeuza mistari miwili tu. Ya kasi imekuja juu, ya pembe imeenda chini. Angalia!"

Pendulamu inazunguka, inarudi, haipandi. Tuliiangalia pamoja. Kisha Kiilu akauliza polepole, "Sasa mimi nilipata thelathini na nne ya nini?"

Nilimdhania huyu kijana anajua. Kumbe alikuwa anakubali tu, na mimi nilikuwa nafurahia kukubaliwa. Nimeona haya kubwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Sifuna alicheka mpaka mkewe akaja kuona kama mgongo umeachia.

"Kwa sababu ya dasta!" alisema, machozi yanamtoka kuelekea masikioni. "Mwandawiro, umefundisha simplektiki kwa dasta!"

Nikamwomba anieleze kwa nini, kwa sababu hesabu nimeiona lakini tumbo halijakubali. Akaniagiza nichukue rundo la vitabu vya mazoezi lililokuwa dirishani, nilisukume kwa kiganja upande mmoja. Rundo likalala.

"Kitabu kimeongezeka?"

"Hapana."

"Hivyo ndivyo anavyofanya msichana wako. Kwanza anasukuma kasi, pembe imetulia. Rundo limelala upande mmoja. Kisha anasukuma pembe, kasi imetulia. Rundo limelala upande mwingine. Mara zote mbili hakuna kitabu kilichoingia wala kutoka. Yule mwenzake anasukuma pande zote mbili kwa pamoja kwa nambari zilizokwisha muda, na vitabu vinaongezeka bila yeye kujua."

Nilidhani nimeelewa sasa.

"Vizuri," akasema. "Eneo la nini?"

Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemwambia Dkt. Rachel kwamba nimekosea alama za Nabwile na nataka kuzibadilisha. Leo hakuna chai.

"Alijua alichokuwa anafanya?"

"Alifuata sheria yangu ya kufuta ubao."

"Kwa hiyo hakujua. Ilitokea tu."

"Hata mimi sikujua, Daktari."

"Si wewe unayehitimu, Mwandawiro." Akavua miwani. "Siwezi kumpa mtu alama kwa sababu ubao ulikuwa mdogo. Mtahini wa nje akiuliza nitamwambia ni bahati? Aje mbele ya jopo, aeleze kwa nini njia yake inafanya kazi. Akieleza, tutabadilisha. Asipoeleza, tisa inabaki tisa. Na wewe usimfundishe hata neno moja. Sitaki kusikia sauti yako ikitoka kwenye mdomo wake."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nimempigia Nabwile. Simu imezimwa. Lynn naye anasema hampati.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimefika Bomeni. Hoteli ya shangazi yake haikunisumbua kuipata, kila mtu anajua kwa Ajiambo. Nabwile alikuwa nyuma, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Aliniona akaendelea kukanda.

Ajiambo akatoka na kitambaa begani. "Ndiye huyu mwalimu wa tisa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu. Kaa hapo. Kwanza ule, halafu tukugombeze."

Nikala maharage na chapati nikitazamwa. Kisha Nabwile akaja akaketi mbele yangu, nikamwambia moja kwa moja: nilikosea mimi, hukukosea wewe, naomba unisamehe. Nikamweleza habari ya jopo siku ya Ijumaa.

"Mwalimu, tarehe moja mwezi huu ulisema nimekosea. Sasa unasema sijakosea. Nishike gani?"

"Ya pili."

"Kwa nini?"

Mdomo ulikwisha kufunguka, nikakumbuka Dkt. Rachel. "Nimekatazwa kukwambia."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, na si kicheko kizuri. "Si ni wewe ulinipatia tisa? Halafu mimi ndio nije kujitetea?"

Nikasema tu ajaribu kuchora kiboksi kidogo badala ya nukta, kisha nikajua hata hilo nimevunja amri.

"Nukta yangu ilikuwa kiboksi tayari," akasema. "Hiyo chaki ni nene."

Sikuelewa alichomaanisha. Ajiambo akaniuliza mbele yake, bila kuzunguka, "Akirudi huko, mtamwaibisha tena?"

"Sijui, mama. Mimi nitakuwepo."

"Kuwepo si kitu kikubwa," alisema, akaondoa sahani.

Nimeondoka bila kujua kama atakuja.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua kutwa. Hakuna habari.

Ijumaa, 29 Novemba

Amekuja. Alifika asubuhi na Lynn, viatu vimejaa matope, ile karatasi ya grafu mkononi, mikunjo yake imechakaa.

Jopo lilikuwa Dkt. Rachel, mimi nisiyeruhusiwa kusema, na Sifuna, aliyeletwa na kulazwa kwenye benchi kando ya ukuta kwa sababu alikataa kukosa. Tuliketi kwenye chumba kile kile cha pembeni.

Dkt. Rachel alianza. "Kwa nini ulitumia kasi mpya?"

"Mwalimu alituambia tufute ya zamani kabla ya kuandika mpya. Nilifuta. Nilipofika kwa pembe, kasi ya zamani haikuweko."

Wote walinitazama. Nikatazama kufuli.

"Kwa hiyo hukukusudia."

"Hapana, Daktari. Sikukusudia."

Niliona mambo yameisha. Angeweza kudanganya kidogo, nani angejua? Dkt. Rachel alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Lakini naomba kuonyesha kitu," Nabwile akasema, akachukua chaki.

Akachora mraba kwenye ile nusu ya ubao iliyobaki na rangi, akagawanya ndani yake vyumba vidogo. Akausukuma kwanza juu na chini: upande wa kulia ukashuka, wa kushoto ukabaki, mraba ukalala. Akahesabu vyumba. Akausukuma tena, sasa kulia na kushoto. Akahesabu. Kisha akafanya kwa njia ya kitabu, na pale mraba ulipovimba akaonyesha kwa kidole ni chumba gani kimezidi. Alihesabu kwa sauti, polepole, kama anauzia mtu anayemshuku.

Sifuna akaongea kutoka kwenye benchi, na mimi nilijua swali ni lipi. "Binti. Eneo la nini?"

Nabwile akaitazama chaki.

"La kutojua kwangu," akasema.

"Eleza."

"Nikiweka nukta na hii chaki, nukta ni nene. Pendulamu yenyewe iko mahali fulani ndani yake, lakini sijui ni wapi kabisa, na sijui kasi yake ni gani kabisa. Hiyo nukta ndiyo kiasi cha kutojua kwangu. Pendulamu ikienda, nukta inanyooka. Pengine nitajua pembe vizuri zaidi, lakini hapo nitajua kasi vibaya zaidi. Nikiijumlisha yote, kutojua ni kule kule. Pendulamu hainiongezei wala hainipunguzii. Njia ya kitabu inaniongezea kila hatua. Ndiyo sababu ile ya Kiilu inapanda."

Muhula mzima nimebeba swali hilo kama mtu aliyepewa mzigo usio na pa kushika. Nilitafuta eneo kwenye karatasi, kwenye ubao, kwenye kufuli, na lilikuwa eneo la hali yangu mwenyewe! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya kama ninakohoa.

Sifuna alikuwa anatazama dari. "Mwandikie alama," akasema.

Dkt. Rachel alimuuliza maswali mengine manne, magumu. Mawili aliyajibu, mawili alisema hajui. Kisha akaniruhusu kuongea, nikakuta sina la kuongeza.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimebadilisha alama: thelathini na mbili kati ya arobaini. Ataingia kwenye mtihani. Nilihisi mwepesi nilipoandika, nikajiona mtu mwenye haki.

Mchana akabisha hodi. Nilidhani amekuja kushukuru, nikamwambia hakuna haja.

"Sijakuja kushukuru, mwalimu. Nimekuja kuuliza. Hizi nane zingine zimeenda wapi?"

Nikasema mambo ya usafi wa karatasi. Akasema usafi haukuwa kwenye maagizo. Nikasema hakueleza alichofanya.

"Nilieleza Ijumaa. Na Kiilu hakueleza, na ulimpa thelathini na nne, na yake ilipinduka."

Sikumkaribisha kuketi, lakini alivuta kiti akaketi, akaweka daftari lake na ile karatasi ya grafu mezani kati yetu, akainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Nitangoja," akasema.

Nimechukua kalamu nyekundu na kuanza kazi yake upya kutoka mstari wa kwanza. Naandika haya nikiwa nimepumzika kidogo, naye bado ameketi. Nimefika ukurasa wa tatu na sijaona mahali pa kumtoa hata alama moja.